Panya Mwenye Uso wa Scarzella

Evasio Gribaudo alikuwa mchoraji wa mabango aliyejulikana Torino nzima, lakini alikuwa na kilema kimoja: hakuweza kubuni uso. Mwambie achore mtu asiyekuwepo duniani, atakaa mbele ya jiwe lake la kuchorea kama bwana harusi aliyesahau jina la bibi harusi. Kila uso uliobandikwa ukutani kwa jina lake alikuwa ameuiba kwa mtu. Yule mwanamke wa bango la biskuti, anayecheka mpaka fizi zinaonekana, ni Pierina, mke wa mwoka mikate wa kona ya pili. Mumewe alipoliona aliuza mikate kutwa nzima, jioni akauliza kwa nini nyumbani hajawahi kuziona fizi hizo. Bango la sabuni ya kunyolea lilikuwa na mashavu ya paroko, na Jumapili iliyofuata paroko alihubiri juu ya dhambi ya majivuno akiwa amenyoa vizuri kuliko Pasaka.

Watu walizoea, hata ikawa heshima. Kuna wanawake waliopita mbele ya karakana na kofia mpya, wakarudi, wakapita tena, na wala hakuna walichokuwa wakitafuta upande ule.

Karakana yenyewe ilikuwa ya mzee Defendente Avataneo, mchapishaji. Evasio aliingia pale akiwa kijana wa kusugua mawe kwa mchanga na maji ili picha ya zamani ifutike na mpya ipate pa kukaa. Akapanda akawa mwandishi wa herufi, kisha siku mchoraji mkuu alipotoroka na mke wa mteja, akapewa kalamu. Siku hizo bango lilichorwa juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta, tena kinyume, kama uonavyo kwenye kioo: mkono wa kulia unakuwa wa kushoto, na maneno yanakaa kama hirizi. Karatasi ikishalala juu ya jiwe na kunyanyuliwa, ndipo dunia hugeuka ikakaa sawa.

Bango lililompa jina ni lile la vermut, mvinyo wenye mitishamba: mhudumu wa baa, nguo nyekundu, anaruka hewani na sinia, masharubu yake yamepanuka kama mabawa ya mbayuwayu. Watu walilibandua usiku wakaenda kulitundika sebuleni. Masharubu yale yalikuwa ya shemeji yake, Gaudenzio, mume wa dada yake Delfina. Gaudenzio alikuwa mbandikaji wa mabango, mwembamba kama mpini wa brashi yake. Kwa hiyo kila asubuhi alipanda ngazi akajibandika mwenyewe ukutani, na akishuka husema, "Mungu anisamehe, lakini mimi ni mzuri."

Mwaka ule wenye mashati meusi, wanamgambo wa Kifashisti, walianza kutembea na marungu kama wengine wanavyotembea na miavuli. Walipenda sana mabango. Na hapo ndipo taabu ilipoingia, maana kuta za Torino zilikuwa na sheria yake. Wabandikaji walikuwa wakipigana tangu zamani, ndiyo. Ukifunika karatasi ya mwenzio kabla gundi haijakauka, unapakwa gundi usoni, unatoka damu puani, kisha mnakwenda kunywa pamoja. Mashati meusi hawakujua sehemu ile ya kwenda kunywa.

Alfajiri moja, Gaudenzio alikuwa kwenye ukuta mrefu wa barabara ya Corso Regio Parco na mabango mapya ya chokoleti. Evasio alikuwa na tabia ya kumfuata siku ya kwanza ya kila bango. Husimama ng'ambo ya barabara aone kazi yake inavyopokea mwanga. Lori likasimama. Wakashuka wanaume wanne, skafu zimefunika nyuso mpaka chini ya macho, na furushi la mabango yao. Evasio aliona Gaudenzio anashuka ngazi, wale wanabandika yao, maneno mawili matatu, Gaudenzio anapanda tena. Wakamvuta miguu akaanguka.

Rungu la kwanza lilimpata sikioni. La pili likamvunja mkono aliouinua. Akatambaa kuelekea ngazi yake, kana kwamba juu ya ngazi angekuwa nchi nyingine, nao wakamkamata kola, wakamzamisha kichwa ndani ya ndoo ya gundi, kisha wakaipiga ndoo kama ngoma ya harusi. Miguu ya Gaudenzio ilipiga mateke barabarani, kiatu kimoja kikatoka. Waliendelea kupiga hata baada ya miguu kutulia. Ndoo ilikuwa imebonyea pande zote.

Yule mkubwa wao alikuwa akihema kwa kazi. Skafu ikamtelemka. Evasio akamwona wazi: Amleto Scarzella, mtoto wa muuza nyama ya farasi wa soko la Porta Palazzo. Kovu juu ya mdomo, pengo la jino, sikio lililokatika ncha, vyote upande wa kushoto. Wiki iliyopita tu alikuwa amemkatia Evasio nyama ya kuchemsha.

Scarzella naye akamwona. Hakukimbia wala hakujifunika. Alivuka barabara taratibu, akauchukua mkono wa kulia wa Evasio akaugeuzageuza kama anayechagua samaki.

"Una mikono mizuri, msanii," akasema. "Itunze."

Delfina mwenyewe aliuosha mwili wa mumewe. Alikuwa dobi wa Bertolla, kijiji cha madobi kando ya mto, kama mama yao, na mikono yake ilikuwa myekundu na minene kwa kufua shuka za matajiri kwa maji ya majivu. Gundi ilikuwa imekauka kwenye masharubu. Alikuwa akiyalainisha kwa maji ya moto, unywele kwa unywele.

"Ulikuwepo," alimwambia mdogo wake bila kumtazama.

"Nilikuwepo, dada."

"Ulimwona aliyempiga?"

Evasio alitazama mkono wake wa kulia. "Walikuwa wamejifunika."

Delfina akamtazama kama atazamavyo shuka iliyorudi kutoka mtoni na doa bado lipo. "Haya. Nitakuuliza tena."

Akauliza kweli. Kila Jumatatu alipita karakana na mkokoteni wake kuchukua aproni chafu na kurudisha safi, na kila Jumatatu aliinama mlangoni. "Umekumbuka?" "Sijakumbuka, dada." "Haya." Wala hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Evasio akaanza kunywa grapa, pombe kali ya zabibu, asubuhi. Kilichomtesa si kutojua la kusema. Neno lenyewe lilikuwa moja tu na alilijua, ila lilikuwa limekaa kati ya vidole vyake vitano na dada yake mmoja, na kila akipima aliona vidole vinalemea.

Mzee Avataneo akaingia na kazi mpya. Mzee huyu alikuwa mnene, mwoga, na mwenye huruma kwa kiasi kisichomletea hasara.

"Evasio, mwanangu, tumepata dawa ya panya. Mwenyewe anataka panya mmoja mkubwa, amesimama kwa miguu miwili, anashika tumbo, anakufa. Awe na sura ya mtu, watu wacheke."

"Sura ya nani?"

"Ya yeyote! Ibuni!"

"Mzee, unanijua."

"Basi iba, lakini usiniibie mimi. Wala paroko. Paroko tumeshamtumia."

Evasio alikaa mbele ya jiwe na chupa ya grapa na homa iliyokuwa inampanda. Akauacha mkono uende unakotaka. Mkono ukaenda. Ulichora tumbo, mkia, kucha, halafu mdomo, sikio, meno. Alipomaliza akarudi nyuma kutazama. Juu ya jiwe alisimama panya mwenye sura mbaya ajabu, kovu mdomoni upande wa kulia, pengo upande wa kulia, sikio la kulia limekatika. Akaichunguza na macho yake ya homa. Hakumjua. Akaitazama tena, hamjui. Evasio karibu alie kwa furaha: kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amebuni uso!

Miaka yote ile ya kuchora kinyume, na kosa hili, la kuusoma uso wa jiwe kana kwamba ni wa karatasi, hakuwahi kulifanya. Alimwambia mzee Avataneo achape, akaenda kulala na jasho lake.

Homa ilipomwachia, mabango yalikuwa yameshachapwa na kubandikwa. Alikwenda Porta Palazzo kununua kitunguu. Akainua macho. Ukutani, mkubwa kuliko mlango, panya ameshika tumbo, na jiwe lilikuwa limeshageuka likakaa sawa: kovu kushoto, pengo kushoto, sikio kushoto. Amleto Scarzella mzima mzima, alikosa kusalimia tu.

Evasio alitapika kwenye kapu la mtu.

Soko lilikuwa limeshaamka. Wanawake wa Porta Palazzo hawakuwa na rungu, lakini walikuwa na midomo, na hofu ya miezi mingi ilikuwa imewakaa kooni kama mfupa.

"Jamani, mtoto wa mwenye farasi kapata kazi!"

"Anafanana, lakini panya kachangamka zaidi."

"Mzee Scarzella!" bibi mmoja muuza kabichi aliita kuelekea buchani. "Nipimie robo ya panya, usinipe mkia!"

Baba Scarzella alifunga mlango kabla ya adhuhuri. Na kule Bertolla mtu alimwonyesha Delfina bango lile. Delfina hakucheka. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu, mikono kiunoni. Alimjua mdogo wake tangu akiwa kwenye nepi. Alijua kwamba hajawahi kuchora uso ambao hakuuona.

Scarzella alikuja karakana Jumatatu na wenzake watatu, mchana mweupe, marungu begani, na chupa mbili za mafuta ya nyonyo, yale ya kuendesha tumbo. Mafuta yale yalikuwa ndiyo mchezo wao. Rungu huvunja mfupa, walisema, nyonyo huvunja heshima.

Walianza na mzee Avataneo. Walimlaza juu ya meza ya karatasi, mmoja akamziba pua, mwingine akamtia faneli mdomoni. Mzee alimeza chupa nzima huku akilia kwamba yeye ana moyo mbovu. "Leo si moyo utakaofanya kazi, babu," mmoja akamjibu, na wakampiga teke akakimbilia chooni uani ameshika suruali.

Evasio alipewa ya pili. Alipouma faneli walimpiga rungu la tumbo, akaachama, mafuta yakaingia mpaka puani.

"Sasa," Scarzella akasema, akavuta kiti akakaa mbele ya jiwe jipya, kidevu juu, mkono kiunoni. "Nichore. Kiume. Bendera nyuma yangu, jua linachomoza. Utachapa mengi kuliko yale, na utakwenda kuyabandika mwenyewe juu ya kila panya, mmoja mmoja. Ukimaliza nitafikiri kama nikuachie hiyo mikono."

"Kamanda, tumbo..."

"Chora kwanza."

Evasio akachora. Matumbo yake yalikuwa yakinguruma kama mkokoteni juu ya mawe, jasho linadondoka juu ya jiwe, na wale watatu wanacheka mpaka wanaegemeana. Akachora paji la uso. Akachora nyusi. Mambo mengine yaliyompata Evasio pale alipoketi tuyafunike. Hata wale watatu waliacha kucheka wakafungua dirisha. Alilia, na bado akachora, kwa sababu mkono ulikuwa bado wake.

Mlango ukasukumwa. Delfina aliingia na aproni safi zimekunjwa mikononi. Alinusa. Alimwona mdogo wake amelowa, damu mdomoni, kalamu mkononi. Alimwona mtu aliyekaa mbele yake kidevu juu. Alitazama juu kwenye kamba, ambako karatasi ya kwanza ya panya ilikuwa bado inaning'inia na kibanio chake. Akarudisha macho chini.

"Mama dobi, weka uende," Scarzella alimwambia. "Hapa ni kazi za wanaume."

"Naona," Delfina akajibu. "Zinanuka." Akaziweka aproni juu ya meza, moja juu ya nyingine, pembe kwa pembe. Halafu akamgeukia mdogo wake na kuuliza kwa sauti ile ile ya kila Jumatatu. "Evasio. Umekumbuka?"

Kule uani mzee Avataneo alisikika akiwaita watakatifu kwa majina.

Scarzella hakugeuza kidevu. Alitabasamu, pengo likaonekana. "Mwambie hujakumbuka, msanii."

Evasio alitazama mkono wake juu ya jiwe. Ulikuwa mkono mzuri kweli. Ulikuwa umemfanya fizi za Pierina zijulikane mpaka Genova. Bila huo yeye ni mtu wa kusugua mawe. Aliutazama kama mtu anavyotazama nyumba anayoihama.

"Ndiye huyu, dada," akasema. "Scarzella. Yeye ndiye aliyeshika kola, na yeye ndiye aliyepiga ndoo mpaka mwisho. Nilimwona toka siku ile."

Wawili walimkaba kabla neno halijaisha. Scarzella aliinuka bila haraka, akachukua jiwe dogo la majaribio kutoka rafuni, jiwe la kubebwa kwa mikono miwili, na wale wakaubana mkono wa Evasio juu ya jiwe kubwa, kiganja chini, vidole vimetandazwa juu ya uso uliokuwa haujamalizika. Akaliangusha. Sauti yake ilikuwa kama ya kukanyaga kikapu cha mayai. Akaliinua akaliangusha tena, na Evasio alipiga ukelele ambao Pierina aliusikia kule kwenye tanuri.

"Moja zaidi," Scarzella alisema, akaliinua kwa mara ya tatu. Akawa ameinua mikono yote miwili, uso wazi.

Mchapaji hulilisha jiwe asidi ili picha ishike, na jagi la asidi lilikuwa pale kwenye beseni lake, karibu na zile aproni. Delfina alikuwa ameshinda maisha yake yote akimwaga maji ya moto kwenye mapipa bila kujirushia tone. Hakurusha tone sasa. Alimimina usoni, jagi zima, kwa mzunguko mmoja wa mkono, kama anayesuuza.

Jiwe likaanguka miguuni mwa Scarzella mwenyewe. Alipeleka mikono machoni, mikono nayo ikaungua. Moshi ulitoka kwenye kola yake. Alizunguka karakana akigonga mashine na ukuta, akiangusha makopo ya rangi nyekundu na buluu, akilia jina la mama yake, na mdomo ule wenye kovu ukawa hauna tena mstari wa kuuonyesha ulipo. Mmoja wa wenzake alimrukia Delfina na rungu likampata begani. Delfina naye akampiga kwa jagi tupu kati ya macho, yule akaketi chini kama mtoto. Wale wawili wengine walimtazama mwanamke, wakamtazama kamanda wao. Wakamchagua kamanda. Walimbeba wakamtoa nje, naye aliyeketi akatambaa nyuma yao.

"Ukutani bado ni mzuri!" Delfina aliwapigia kelele. "Mwambieni akajitazame huko!"

"Tokeni kwa nyuma!" sauti ya mzee Avataneo ilitoka chooni. "Watarudi na lori! Na wewe Evasio, mwanangu, hatujuani!"

Mkono ule haukuchora bango tena. Delfina aliufunga kwa aproni mbili, akamlaza mdogo wake ndani ya mkokoteni, akamfunika na shuka chafu za nyumba ya hakimu, na juu yake akaweka fulana na soksi za watu wengi. Akasukuma. Mkokoteni wa dobi hakuna anayeusimamisha. Walipita Corso Regio Parco, wakiutazama mto, kuelekea Bertolla, na kutoka pale kuna binamu, na binamu ana nyumbu, na nyumbu alizijua njia za kuvuka kwenda Ufaransa kuliko askari wa mpaka.

Chini ya shuka Evasio alikuwa akinong'ona kwa maumivu. Delfina alisukuma kitambo.

"Evasio."

"Naam, dada."

"Alisema nini? Gaudenzio. Kabla."

Hili hakuwa ameulizwa hata mara moja.

"Walimwambia aondoke, akaondoka. Hakugomba, dada. Alishuka, akawasogezea hata ngazi. Wakabandika la kwao, lile la bendera na kiongozi wao. Wakalibandika kichwa chini."

Delfina alipunguza mwendo.

"Akawaambia, 'Mabwana, huyo mkubwa wenu anasimama kwa kichwa.' Wakamwambia afunge mdomo. Akasema, 'Nitafunga, lakini siwezi kuliacha hivyo, watu watasema ni mimi.' Ndipo akapanda kulinyoosha."

"Kulinyoosha."

"Ndiyo."

"La kwao."

"La kwao, dada."

Mabega ya Delfina yalianza kutikisika, lile zima na lile lililopigwa. Alikuwa anacheka, halafu hakuwa anacheka, halafu alikuwa anafanya yote mawili na pua inamtiririka, na mikono haipo ya kufuta kwa sababu imeshika mkokoteni. "Mpumbavu yule," alisema. "Mpumbavu wangu yule." Gurudumu likaingia shimoni, mkokoteni ukaruka, na Evasio akapiga kelele chini ya soksi za watu.

"Nyamaza," Delfina alimwambia, akivuta kamasi. "Tunafika darajani, kuna askari."